Dakika Saba za Swindon

Saa tisa na robo usiku kwa hesabu yangu,
tatu na robo kwa hesabu ya ukutani,
kompyuta kuu ya pili imeandika
kwamba fedha imepokelewa
kabla haijatumwa.

Paundi mia moja na arobaini,
kutoka kwa baba mmoja Paisley kwenda kwa bintiye Truro.
Binti ameshapata. Baba bado hajatoa.
Daftari mbili, na zote zinaapa.

Ukumbini hakuna kilichoshtuka.
Feni zinavuma, taa za kijani zinakonyeza,
baridi ya kutengenezwa inanipenya mabegani
na nje ni Julai.

Maureen Tuckwell anavua miwani,
anaifuta kwa ncha ya sweta.
"Zimeachana tena, hizi pacha."
Kwa kiasi gani?
"Milisekunde arobaini na moja."

Sina pishi la kupimia kitu hicho.
Kope haijashuka. Hata "ah"
ni hotuba.

Ziko tatu: moja chini ya miguu yetu,
moja ng'ambo ya barabara,
ya tatu Didcot, mwisho wa uzi wa kioo.
Tunaiuliza ya Didcot: saa ngapi?
Inajibu kweli tupu,
ila jibu likifika limeshachakaa,
kwa hiyo tunapima safari, kwenda na kurudi,
tunaigawa nusu, tunaongeza,
tunaomba Mungu njia zote mbili ziwe na urefu mmoja.

Maureen anasema mji huu ulikuwa na adhuhuri yake.
Jua lilitoka London likafika hapa
limechelewa dakika saba,
na watu walikula viazi vyao kwa amani.
Kisha reli ikaja, imebeba saa ya London
kama inavyobeba barua na makaa ya mawe.
Babu wa babu yake alifunga mataluma ya reli hiyo.
"Hakuna aliyemuuliza," anasema.

Mimi namkumbusha siku ya usaili.
Waliniambia tisa. Nikaandika saa tisa,
nikapiga pasi blauzi, nikala mchana,
nikaingia mlangoni alasiri, natabasamu.
Nilichelewa saa sita kamili
na sikuchelewa hata dakika.
Wenzake walishaondoka. Yeye alikuwa amekaa
na pakiti ya biskuti, ameibakiza nusu.
Mpaka leo sijamuuliza alikuwa anasubiri nini.

Gethin, kijana mgeni wa zamu,
ananyoosha mkono kwenye kibodi:
iliyotangulia ni hii ya kwetu,
basi tuirudishe nyuma, tumalize.

"Ondoa mkono."
Sijawahi kumsikia Maureen akisema hivyo.
"Saa hairudishwi nyuma.
Ukiirudisha, yaliyoandikwa yatatokea tena:
mshahara mara mbili, deni mara mbili,
mtu afe saa nane akatoe fedha saa nane kasoro."

Haisimamishwi pia. Inapunguzwa mwendo tu.
Kila sekunde inanyooshwa unywele,
isijue kwamba inasubiri wenzake.
Dakika kumi na saba.
Tunakunywa chai. Gethin anahesabu namba kwa sauti,
arobaini, thelathini na tatu, ishirini,
kama mtu anayemshusha mtoto ngazi.
Kwenye sita ananyamaza.

Sifuri, au karibu yake.
Sifuri yenyewe haipo, hukaribiwa tu.

Yule baba wa Paisley amelala, hajui
kwamba kwa muda alikuwa mkarimu
kabla ya kuamua.
Hitilafu ile tunaiandika, hatuifuti.

Saa moja asubuhi tunatoka,
na jua la huku halikuningoja,
limechomoza saa mbili zilizopita bila ruhusa yangu.
Kituoni Maureen anatazama saa yake ya mkononi,
ile ya kamba ya ngozi.
"Basi limewahi leo," anasema.

Halikuwahi. Nimeiona saa ile miaka tisa sasa,
iko nyuma dakika saba.
Sijamwambia.
Labda anajua.